Timazi, pia na dira: Simu yako inajuaje inakotazama?

Simu zilikuwa tatu, mswala mmoja.

Jirani yetu mpya alihamia ghorofa ya tano, hapa Kariakoo, Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Julai. Kitanda kilikuwa bado hakijafungwa, masufuria yamo kwenye maboksi, na adhana ya alasiri ilikuwa imekaribia. Akatandika mswala sebuleni, akaweka simu yake juu yake, akaomba na ya mkewe, kisha ya kijana wao wa kidato cha pili. Zote zilikuwa na programu ya kuonyesha kibla. Ya baba ikaelekeza dirishani. Ya mama ikaelekeza mlango wa jikoni. Ya kijana ikazunguka mara mbili kama kuku anayetafuta pa kutagia, ikatulia ikiitazama friji. Kijana akapendekeza wapige wastani.

Aliyemaliza mjadala ni mzee wa ghorofa ya chini, mwashi mstaafu ambaye jengo zima tunamwita Fundi. Alikuwa amepanda kusaidia kufunga pazia. "Mwanangu," alimwambia jirani, "chungulia dirishani. Msikiti ule umesimama pale kabla hizo simu hazijazaliwa. Mihrabu yake inatazama wapi?" Jirani akachungulia, akageuza mswala, akaswali.

Suala la ibada likaisha. Suala la simu likabaki, nami nikaondoka nalo. Inakuwaje vyombo vitatu vinavyopokea saa kutoka angani na kutuma sauti Ulaya kwa kufumba na kufumbua, vishindwe kukubaliana kaskazini iko wapi?

Maswali mawili, si moja

Kibla ni mfano mmoja tu. Mwaka 2009 Google walitoa Sky Map, programu inayokutajia nyota uliyoielekezea simu. Mwaka 2016 Pokémon GO ikawatoa mamilioni ya watu majumbani kwenda kusaka vikaragosi vilivyoonekana kusimama barabarani kweli. Mwaka 2019 Google Maps ikaanza kuchora mishale ya njia juu ya picha ya mtaa unaouona kwenye kamera. Zote zina deni moja: kabla ya kuchora chochote, lazima zijue simu inatazama nini.

Na kujua hilo ni kujibu maswali mawili. La kwanza: simu imekaaje, uso wake umeelekea wapi? La pili: jicho la kamera linafumbuka kwa upana gani? Mtu anayetazama kupitia tundu la ufunguo na mtu aliyesimama mlangoni wanaweza kuelekea upande ule ule, lakini hawaoni kitu kimoja.

Makosa ya maswali haya mawili hayafanani, na hapo ndipo fundi wa programu hupata pa kuanzia. Jibu la kwanza likikosewa, kila kitu kinahama pamoja: jina la kila nyota linasogea kulia kwa kiasi kile kile. Jibu la pili likikosewa, katikati ya kioo mambo yako sawa, lakini kadiri unavyokwenda pembeni majina yanazidi kuachana na nyota zake. Ukiona hivyo, dira haina hatia. Anayehojiwa ni lenzi.

Timazi ndani ya simu

Fundi alinionyesha timazi yake: uzi, na pande la chuma lililochongoka mwishoni. Chombo cha kale, hakina betri, hakijawahi kumdanganya. Nilimwambia simu yake ina timazi pia, akadhani natania.

Wataalamu wanakiita akselerometa. Ni kipande cha silikoni kidogo mno, kimeshikiliwa na springi nyembamba kuliko unywele. Mvutano wa dunia ukikivuta, kinahama kidogo sana, na mzunguko wa umeme unasoma kimehama kiasi gani na upande upi. Simu imegawiwa mihimili mitatu: mmoja unakwenda kulia kwa kioo, mmoja unapanda kuelekea juu ya simu, wa tatu unatoka kwenye kioo kukujia usoni. Ukilaza simu mezani, mhimili wa tatu peke yake ndio unaosoma namba kubwa, takriban 9.8, ambayo ni nguvu ya mvutano wa dunia kwa mita kwa sekunde kwa sekunde. Ukiisimamisha, namba hiyo inahamia mhimili wa pili. Ukiilaza ubavu, inahamia wa kwanza. Hivyo ndivyo iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilivyowashangaza watu kwa kugeuza picha yenyewe pindi mkono ulipogeuka.

Lakini timazi ina mipaka, na mwashi anaijua. Kwanza, haipendi mtikisiko. Dereva wa daladala akikanyaga breki ghafla, kihisi hakiwezi kutofautisha msukumo wa breki na mvutano wa dunia, hivyo kwa nukta kadhaa simu inaamini ardhi imeinama. Pili, timazi inakuonyesha chini ni wapi, haikuambii kaskazini ni wapi. Zungusha simu ikiwa imelala mezani, namba hazibadiliki hata kidogo.

Kuna na la tatu, dogo lakini la kila siku. Simu ikilala chali au ikiinamia sakafu, uzi wa timazi unapita katikati ya kioo. Ukingo upi ni wa juu? Hakuna wa kuuliza. Simu inabaki na jibu la mwisho ililokuwa nalo. Ndiyo maana ukipiga picha ya risiti iliyolazwa mezani, mara nyingine inatoka imegeuka, nawe unamlaumu aliyekuuzia simu.

Dira na adui zake

Kaskazini inatafutwa na kihisi cha pili, magnetometa, yaani dira isiyo na sindano. Kinapima usumaku wa dunia, ambao ni dhaifu kweli: kati ya maikrotesla 25 na 65, kutegemea uko wapi duniani. Sumaku ndogo ya kufungia kava la simu ina nguvu nyingi zaidi ya hiyo inapokuwa karibu. Spika ya simu yenyewe ina sumaku. Zege la ghorofa zetu limejaa nondo. Mlango wa friji umezungushiwa mpira wenye sumaku ndani.

Hapo kesi ya sebuleni ilianza kufunguka. Simu ya baba ilikuwa imevaa kava la kufunika, lile linalojibana lenyewe kwa sumaku. Simu ya mama ilikuwa imelazwa kwenye sakafu ya zege, sentimita chache juu ya nondo. Simu ya kijana ilikuwa hatua moja kutoka kwenye friji. Kila moja ilisoma usumaku uliokuwapo mbele yake, na ikausoma sawasawa. Tatizo ni kwamba uliokuwapo haukuwa wa dunia peke yake.

Ndiyo sababu programu hukuomba uchezeshe simu hewani kama unayechora namba 8. Watu wengi hudhani ni mbwembwe. Ukiizungusha simu kila upande, usumaku wa dunia unapaswa kubaki na nguvu ile ile huku ukibadilisha mwelekeo ndani ya simu, lakini usumaku wa spika na wa betri unazunguka pamoja na simu. Programu inatenganisha kinachozunguka na kisichozunguka, kisha inakitoa cha ndani. Nondo za sakafu haiwezi kuzitoa kwa njia hiyo, kwa kuwa zenyewe hazizunguki na simu. Dawa ya nondo ni kuondoka.

Hata dira safi haielekezi kaskazini ya ramani. Inafuata ncha ya sumaku ya dunia, na ncha hiyo inatembea. Kwa miongo ya karibuni imekuwa ikihama kutoka upande wa Kanada kuelekea Siberia, na mwaka 2019 wanasayansi walilazimika kutoa masahihisho ya jedwali la usumaku wa dunia kabla ya muda wake wa kawaida wa miaka 5. Jedwali hilo huandaliwa na taasisi za Marekani na Uingereza, na simu yako hulitumia kila inapobadili kaskazini ya sumaku kuwa kaskazini ya kweli. Pwani yetu tofauti ya kaskazini hizo mbili ni nyuzi chache tu. Nyuzi chache, tutaona, si kitu cha kudharau.

Pia isiyozunguka

Kihisi cha tatu ndicho chenye historia tamu. Mwaka 1852 Mfaransa Léon Foucault alitengeneza gurudumu linalozunguka kwa kasi ndani ya fremu huru, akaliita jairoskopu. Mtoto yeyote aliyechezea pia anaijua siri yake: pia ikizunguka kwa nguvu, inagoma kuangushwa. Jairoskopu ya Foucault ilishikilia mwelekeo wake huku dunia ikigeuka chini yake.

Ndani ya simu hakuna pia inayozunguka. Kuna kipande cha silikoni kinachotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde. Ukigeuza simu, mtetemo huo unasukumwa pembeni kwa nguvu iliyoelezwa na Mfaransa mwingine, Gaspard-Gustave de Coriolis, mwaka 1835. Kihisi kinapima msukumo huo na kujua simu inageuka kwa kasi gani. Apple waliiweka kwenye iPhone 4 mwaka 2010, na tangu hapo michezo na ramani za kamera zikapata utulivu ambao dira pekee haikuweza kuutoa.

Pia haijali nondo wala friji. Haijali breki za daladala. Kasoro yake ni nyingine: inajua umegeuka kiasi gani, haijui ulianzia wapi. Na kwa kuwa inajumlisha vipande vidogo vidogo vya mgeuko, kila kosa dogo linajumlishwa pia. Ni kama mtu anayehesabu hatua gizani. Hatua kumi za kwanza yuko sahihi, baada ya elfu moja yuko kwa jirani.

Kwa msomaji wa hapa kwetu kuna jambo la kuongeza. Simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu kabisa, na baadhi hazina hata magnetometa. Kwenye simu kama hiyo mshale hutetemeka kama wenye homa, au dira haifanyi kazi hata uchore namba 8 mpaka mkono uchoke. Simu ya kijana ilikuwa ya kundi hili, haina pia. Siku ile ilipambana na friji bila msaidizi.

Kikao cha wakorofi watatu

Tumebaki na vihisi vitatu, kila kimoja na ukorofi wake. Timazi inasema kweli ikitulia, inakosea ikitikiswa. Dira inasema kweli uwanjani, inakosea penye chuma. Pia inasema kweli kwa muda mfupi, inapotea kwa muda mrefu.

Uzuri ni kwamba hazikosei kwa namna moja. Programu inaiamini pia kwa nusu sekunde hizi, huku timazi na dira zikiirudisha polepole kila inapoanza kupotea. Dira ikiruka ghafla nyuzi 40 wakati pia inasema hakuna aliyegeuka, programu inajua kuna chuma karibu. Hesabu maarufu ya kupatanisha vipimo vyenye mashaka iliandikwa na Rudolf Kálmán, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, mwaka 1960. Miaka michache baadaye ilisaidia kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Leo imo kwenye simu ya mama ntilie.

Kuna mtego mwingine unaofichwa na hesabu. Tumezoea kueleza mkao kwa pembe tatu: umegeukia wapi, umeinama kiasi gani, umelala ubavu kiasi gani. Sasa elekeza kamera utosini mwa anga. Umegeukia wapi? Swali limekufa, kama mtu aliyesimama kwenye ncha ya kaskazini ambako kila upande ni kusini. Programu zilizoandikwa kwa pembe tatu huchanganyikiwa hapo, na nyota huanza kuzunguka kama tiara iliyokatika uzi. Tiba yake ilipatikana tarehe 16 Oktoba 1843, siku William Rowan Hamilton alipokuwa akitembea na mkewe kando ya mfereji mjini Dublin. Wazo lilimjia ghafla, akachonga fomula kwenye jiwe la daraja. Alikuwa amegundua kwaternioni, namna ya kueleza mgeuko kwa namba nne badala ya tatu. Kwa namba nne, utosi wa anga ni mahali kama pengine popote.

Kichwa au mgongo?

Baada ya hesabu zote hizo, kosa linaloumbua waandishi wa programu ni jepesi ajabu. Dira ya simu huhesabu upande unaoelekewa na kichwa cha simu, ule ukingo wa juu. Kamera inatazama kutoka mgongoni. Simu ikilala mkononi kama sahani, kichwa ndicho kinachoelekeza. Ukiinua kutazama kwa kamera, kichwa sasa kinaelekea mbinguni, na kinachoelekeza ni mgongo. Asiyebadilisha mihimili kwa wakati, programu yake itatoa jibu lililokosewa kwa nyuzi 90 kamili. Ukiona kosa la nyuzi 90 au 180, usitafute nondo. Mtafute mwandishi.

Kamera nayo ina mkao wake ndani ya simu. Kwa kawaida kihisi cha picha hufungwa kimelala ubavu ukilinganisha na kioo, na programu hutakiwa kuuliza kimelala kwa nyuzi ngapi. Wengi hawakuuliza, kwa kuwa karibu simu zote zilikuwa na jibu moja. Mwaka 2015 ikatoka Nexus 5X ya Google iliyotengenezwa na LG, ambayo kamera yake ilifungwa kinyume na mazoea. Programu zilizouliza zilifanya kazi vizuri. Zilizokisia zikaonyesha watu wamesimama kwa vichwa.

Picha zenyewe hubeba cheti kidogo ndani yake kinachosema zilipigwa simu ikiwa imekaaje: namba kati ya 1 na 8, kwa utaratibu uliobuniwa Japani mwaka 1995. Anayesoma cheti anaigeuza picha ikae sawa. Asiyekisoma anaiacha imelala. Picha ya pasipoti iliyokaa wima kwenye simu yako na ikalala ubavu baada ya kuipandisha kwenye fomu ya mtandaoni haikuharibika. Cheti chake hakikusomwa.

Futi na ukuta

Swali la pili, la upana wa jicho, unaweza kulijibu mwenyewe nyumbani kwa futi ya kupimia na chaki. Mimi nililijibu ukutani kwangu. Niliegemeza simu juu ya stuli, imelala ubavu, lenzi ikiwa mita 1.5 kutoka ukutani na ikiutazama ukuta moja kwa moja. Nikafungua kamera ya picha, si ya video. Nikatia alama ya chaki mwisho wa kinachoonekana kushoto, nyingine mwisho wa kulia. Kati ya alama mbili: mita 2 na chembe.

Gawa nusu ya upana, mita 1, kwa umbali, mita 1.5. Tafuta kwenye kikokotoo pembe ambayo tanjenti yake ni jibu hilo, kisha izidishe mara mbili. Unapata takriban nyuzi 67. Ndani ya simu kuna ukuta mwingine mdogo: kihisi cha picha. Chukulia kina upana wa milimita 5.6 na kimekaa milimita 4.2 nyuma ya lenzi. Nusu ya 5.6 kwa 4.2 ni uwiano ule ule wa 1 kwa 1.5, na pembe ile ile. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, simu huweza kuiambia programu vipimo hivi viwili. Kabla ya hapo programu ilipewa pembe iliyoandikwa na mtengenezaji, na haikuwa lazima iwe kweli.

Manahodha wa Bahari ya Hindi wangeelewa jambo hili bila kikokotoo. Walitumia kifaa kiitwacho kamal: kibao kidogo chenye uzi uliofungwa mafundo. Unashika uzi kwa meno, unanyoosha kibao mpaka kizibe nafasi kati ya upeo wa bahari na nyota, unahesabu fundo. Upana wa kibao kwa urefu wa uzi. Hesabu ya ukuta wangu. Vipimo vyao waliviita vidole, na Ahmad ibn Majid, bingwa wa urubani wa bahari wa karne ya 15, aliandika navyo. Hata wewe unacho kipimo: nyoosha mkono, na kidole chako kidogo kitaziba takriban nyuzi 1 ya anga. Ngumi itaziba 10.

Ila pembe ya kamera si namba moja ya kudumu, na hapa ndipo programu nyingi zinaanguka. Nyuzi 67 ni za simu iliyolazwa ubavu. Ukiisimamisha, upana unakuwa 53, kwa kuwa picha ni nne kwa tatu. Kisha kioo cha simu za siku hizi ni kirefu na chembamba, kama 20 kwa 9, hivyo ili picha ijaze kioo chote lazima pembeni pakatwe: unabaki na nyuzi 33 tu. Video nayo hukata kingo, na ule utulizaji wa mtikisiko hukata zaidi. Lenzi pana inayotangazwa kuwa na nyuzi 120 hupimwa kutoka kona hadi kona, si kutoka ukingo hadi ukingo.

Kosea kidogo uone. Programu ikidhani pembe ni 60 kumbe ni 67, jina la mlima ulio nyuzi 25 kutoka katikati litaandikwa karibu robo tatu ya sentimita mbali na mlima, kwenye kioo cha sentimita 14. Jina la mlima wa katikati litakaa pale pale. Ndiyo ile alama niliyoitaja mwanzoni.

Mshale mwembamba mno

Turudi kwenye mswala. Kiswahili cha pwani kilijibu swali la kibla zamani: kamusi za kale zinalitaja neno kibla pia kama jina la upande wa kaskazini, kama ambavyo suheli, nyota ing'aayo kusini, ilivyokuwa jina la upande wa kusini. Ramani inathibitisha. Makka iko karibu juu ya mstari ule ule wa longitudo na pwani yetu. Kutoka Mombasa, kibla kinaachana na kaskazini ya kweli kwa chini ya nusu nyuzi. Dar es Salaam ni nyuzi 1 hivi kuelekea mashariki, upana wa kidole kidogo. Lamu ni mbili na nusu kuelekea magharibi. Ukienda bara mambo yanabadilika: Nairobi ni 7 mashariki, Kigoma ni 20.

Maana yake ni kwamba hapa Dar, kosa la dira ya simu, hata ikiwa safi, linaweza kuwa kubwa kuliko tofauti yenyewe ya kibla na kaskazini. Wanazuoni wengi wanasema aliye mbali na Makka yamtosha kuuelekea upande wake, kwa hiyo ibada haina shida. Shida yangu ni na uungwana wa programu. Simu inajua mashaka yake. Vihisi vyenyewe huripoti kiwango cha kuaminika kwao. Google Maps huionyesha hali hiyo: mwale wa bluu unaotoka kwenye alama yako hutanuka dira ikisitasita. Lakini programu nyingi za kibla nilizowahi kufungua huchora mshale mmoja mwembamba kama sindano, wa dhahabu, wenye picha ya Kaaba kwenye ncha. Mshale ule unadai uhakika ambao simu haina. Ungechorwa kama upepeo, mpana penye nondo na mwembamba penye uwazi, familia ile isingehitaji wastani. Ingeona pepeo tatu zinazogusana, na ingejua kuhamia roshani.

Juu ya paa

Mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini mwa Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Saa ya Makka ni sawa na yetu. Wakati huo, yeyote anayelitazama jua anatazama kibla, na kivuli cha kitu kilichosimama wima kinaanguka upande wa pili.

Tarehe 16 Julai tulipanda juu ya jengo: jirani, kijana wake, Fundi na mimi, na timazi. Fundi akaining'iniza kwenye bomba la maji, akaikinga upepo kwa mgongo wake. Saa 6 na dakika 27 kivuli cha uzi kilikuwa kimechora mstari mweusi juu ya saruji. Fundi akaupitishia chaki.

Kisha tukaleta simu. Kava la sumaku likavuliwa, namba 8 zikachorwa, simu zikashikwa mkononi mbali na bomba. Ya baba ikapishana na chaki kwa upana wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa. Ya mama kwa viwili. Ya kijana bado ilitetemeka, lakini sasa ilitetemekea upande wa kaskazini.

Fundi akapima pembe kati ya mstari na ukuta wa paa, akateremka ghorofa zote hadi sebuleni, akaihamishia kwenye ukuta ulio sambamba na ule. Mswala uliogeuzwa siku ile kwa kuchungulia msikiti ulikuwa sahihi. Aliusogeza ncha kwa kidole gumba, akasema imetosha.

Kijana alibaki juu. Alisimama juu ya mstari wa chaki, akainamisha simu sakafuni, akapiga picha apate kuwaonyesha wenzake shuleni. Aliponiletea niione, kaskazini ilikuwa imelala ubavu.